Daftari la Siku za Kuchelewa

Kila mfanya kazi ana daftari lake. Mwenye duka ana daftari la madeni, mvuvi ana hesabu zake kichwani, na mimi nina daftari moja la jalada gumu ambamo nimeandika michoro yote ya kanga tuliyoifanya tangu 2021. Lina safu nne: jina la kanga, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na siku za kuchelewa. Safu hiyo ya nne nilikuwa nikijivunia sana. Nilidhani inanionyesha nani mchapa kazi na nani mvivu. Leo nataka kumweleza msomaji jinsi safu hiyo ilivyonidanganya mwaka mzima wa 2024, na jinsi nilivyogundua kwamba niliyedanganyika nilikuwa mimi mwenyewe niliyeichora.

Sisi tu watu wanne, na kazi yetu ni kubuni kanga. Mimi naishi Tanga. Mwenzetu mmoja ni kijana wa Nairobi ambaye hajatimiza miaka thelathini. Wa tatu ni mama anayeishi Maskati, nchini Omani, ambako wako watu wengi wenye asili ya Unguja na Pemba wanaozungumza Kiswahili nyumbani na kuvaa kanga kama tunavyovaa huku. Wa nne ni bibi wa Kikwajuni, Unguja, mwalimu mstaafu, ambaye sisi sote tulimpa jina la Bi Majina, kwa kuwa yeye ndiye mwenye dhamana ya majina ya kanga zetu. Tulianza kufanya kazi pamoja baada ya ugonjwa wa korona kufunga milango mingi, na hadi mwisho wa 2024 hatukuwahi hata mara moja kukaa sote wanne katika chumba kimoja.

Pengine msomaji huivaa kanga au huiona ikivaliwa kila siku bila kuichunguza. Kanga ina sehemu tatu. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji ulio katikati, na kuna jina, yaani yale maneno machache ya herufi kubwa yanayokaa sehemu ya chini ya mji. Kipande kimoja kina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa kama mita moja, na vipande viwili ndivyo doti. Mwanamke anaponunua kanga hutazama rangi kwanza, lakini akishaipenda rangi husoma jina, na jina likimchukiza huirudisha. Kanga humsemea mwenye kuivaa. Inaweza kumshukuru mama, kumtuliza mume, au kumtia jirani kijembe bila mdomo kufunguka. Kwa hiyo jina likikosewa, aliyekosewa si mchoraji tu, bali ni yule mwanamke ambaye umemwekea maneno mgongoni.

Kazi yetu ilipita mikononi hivi. Mama wa Maskati alichora pindo na mji kwa mkono, akapiga picha na kututumia. Kijana wa Nairobi aliingiza mchoro katika kompyuta, akausafisha na kuzitenga rangi, kwa sababu kiwandani kila rangi huchapwa peke yake, na rangi zikipishana hata kidogo maua huonekana kama yana vivuli. Mimi nilizungumza na wafanyabiashara, nikapatana bei, nikapanga nafasi ya kila kitu. Bi Majina alichagua maneno au kuyasahihisha, na alikuwa wa mwisho kuitazama nakala kabla haijakwenda kiwandani. Hakuna kilichochapwa bila yeye kusema sawa.

Utaratibu huu ulikuwa mzuri. Hakukuwa na kodi ya ofisi wala nauli za kila siku. Saa mbili asubuhi kwetu ni saa tatu Maskati, basi tofauti ya saa haikutusumbua. Niliwahi kujisifu mbele ya rafiki zangu kwamba nina karakana yenye vyumba vinne katika nchi tatu, na sijawahi kununua hata kufuli moja.

Sasa niseme juu ya kanga yenyewe.

Mwezi wa Mei 2024 mfanyabiashara mmoja wa jumla alitutaka tumtengenezee kanga ya kuuza kabla ya Maulidi ya Mfungo Sita, ambayo mwaka ule iliangukia katikati ya Septemba. Alitaka doti 1,200, rangi nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, na jina alilichagua mwenyewe: HASIDI HANA SABABU. Ni jina la zamani, na kila mwanamke wa pwani analijua. Maana yake ni kwamba mwenye husuda hahitaji kukosewa ndipo akuchukie, atakuchukia tu.

Mei 12 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, ule wa EASSy na ule wa Seacom, ziliharibika, na mtandao ukazorota Tanzania na nchi nyingine za upande huu wa Afrika. Picha zilikataa kwenda. Barua pepe zilining'inia. Kesho yake usiku, kwa kuwa mteja alikuwa ananibana, nilimtumia kijana wa Nairobi ujumbe mfupi wa simu wenye jina la kanga, ili aendelee na kazi wakati mtandao ukisubiriwa. Siku mbili baadaye, mtandao ulipoanza kurudi kidogokidogo, nakala ya mwisho ikafika kwetu sote. Bi Majina akaweka ile alama ya kidole gumba. Nami nikaandika katika daftari langu, kwa furaha: siku za kuchelewa, 0.

Mwishoni mwa Agosti yule mfanyabiashara alinipigia simu alfajiri. Hakunisalimu. Aliniuliza kama najua kusoma. Kanga zake zote 1,200 zilikuwa zimeandikwa HASIDI ANA SABABU.

Herufi moja tu. Lakini herufi hiyo moja iligeuza maneno chini juu. Mwanamke aliyetaka kuwaambia mahasidi wake kwamba wanamchukia bure, sasa alikuwa anatembea barabarani akiwaambia kwamba wana haki yao.

Nilifanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nasikia joto usoni. Nilifungua kundi letu la WhatsApp, na mbele ya wote nikaandika: "Bi Majina, kazi yako ni moja tu, kusoma maneno matatu. Umetutia hasara." Sikuanza kwa shikamoo. Mtu aliyenizidi miaka kumi, mwalimu aliyesomesha watoto wa watu, nilimwandikia kama ninavyomwandikia mtu anayenidai.

Alijibu baada ya muda mrefu. "Nimekosa. Mniwie radhi." Hakuongeza neno. Wengine wawili walinyamaza. Tukapatana na mfanyabiashara kwamba tubebe nusu ya gharama za kuchapa, tukalipa kwa kukatana katika mapato ya miezi mitatu, na Bi Majina akataka akatwe zaidi kuliko sisi. Nilikubali. Naliandika hili kwa aibu: nilikubali.

Mwezi wa Oktoba mama wa Maskati alinipigia simu kuhusu rangi ya pindo fulani. Tulipomaliza, akaniambia kama mtu anayetaja jambo linalojulikana, "Na maskini Bi Majina, binamu yangu alikuwepo kwenye hitima ya mama yake. Anasema watu walijaa mpaka barabarani." Nikamwuliza, mama yake nani? Akashangaa. Alidhani mimi najua. Mimi nilidhani mama yake Bi Majina alikwisha fariki zamani, kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Tukahesabu siku pamoja katika simu. Yule bibi kizee alifariki usiku wa Mei 14. Ile alama ya kidole gumba iliwekwa asubuhi ya Mei 15.

Msomaji wa pwani anajua uzito wa jambo hili. Kwetu msiba hauna mwaliko. Mtu husikia, hufunga duka, huenda. Asiyeweza kwenda hutuma ubani. Hata mliogombana huenda, mkakaa mkekani bega kwa bega, na mara nyingi ugomvi huishia hapo. Kutokwenda kumhani mtu unayekula naye kazi moja ni jambo ambalo watu hukumbuka miaka ishirini. Na sisi hatukwenda, hatukupiga simu, hatukumpa hata neno la makiwa. Badala yake, miezi mitatu baadaye, nikamtukana.

Sikuweza kumpigia simu. Nilijaribu mara mbili, nikakata kabla haijalia. Mwisho nikawaambia wenzangu wawili kwamba kuna madeni ambayo hayalipiki kwa simu, na kwamba twende Unguja.

Tulikwenda Desemba. Kijana wa Nairobi alishuka Mombasa, akavuka mpaka Horohoro, akafika kwangu Tanga jioni. Miaka mitatu nilikuwa nimesikia sauti yake na kumwona kwa nadra katika kioo cha simu, na katika fikra zangu alikuwa mtu mfupi mnene. Aliyeshuka kwenye basi alikuwa mrefu kama mnazi, na anachechemea kidogo mguu wa kulia. Sikuwahi kujua kwamba anachechemea. Tukasafiri pamoja hadi Dar es Salaam, na asubuhi tukapanda boti. Mama wa Maskati alikwisha tangulia kwa ndege, akatupokea bandarini, na safari ya kutoka hapo hadi Kikwajuni tulikwenda kimya.

Bi Majina alitupokea mlangoni. Nilipiga hodi, akaitika karibu, na nilipotaka kuanza kusema maneno niliyoyapanga njia nzima, koo likakauka. Nikasema, "Makiwa, Bi Mkubwa." Akajibu, "Tunayo, baba. Ingieni ndani, jua kali." Tukasoma Fatiha, yule kijana ambaye ni Mkristo akainamisha kichwa pamoja nasi, kisha ikaletwa kahawa na mkate wa kumimina.

Nilidhani tumemaliza. Lakini baada ya sala ya alasiri Bi Majina akaniuliza kama nimekuja na daftari. Nililichukua, kwa kuwa nilitaka tuhesabu mapato ya mwaka. Akasema, "Soma, baba. Usisome mapato. Soma siku za kuchelewa, na kila mstari mwenyewe aseme siku ile alikuwa na nini."

Basi tukakaa barazani, upepo wa kaskazi ukipuliza, nami nikasoma.

"Januari. Kanga ya harusi. Siku 6." Huyo nilikuwa mimi. Niliwahi kuwaambia kwamba sababu ni mgao wa umeme, na mgao ulikuwepo kweli. Ulituandama kuanzia miezi ya mwisho ya 2023 hadi mitambo ya bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa Februari 2024. Lakini mle barazani, mbele ya wale watu, niliona haya kusema nusu ya ukweli. Nikawaambia kwamba nina mtoto wa jicho katika jicho la kushoto, na la kulia linafuata. Kwamba kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa siwezi kusoma maandishi madogo usiku, na michoro nilikuwa naitazama adhuhuri tu, karibu na dirisha. Sikumwambia mtu yeyote isipokuwa mke wangu. Nani atampa kazi ya michoro mzee asiyeona?

Hakuna aliyecheka. Mama wa Maskati akasema, "Ndiyo maana ukisema rangi ya zambarau unasema buluu." Hapo ndipo walipocheka, nami nikacheka nao.

"Aprili. Pindo la majani. Siku 4. Sababu, mvua." Naliandika hivyo kwa dharau kidogo, kwa sababu nilijiuliza mvua gani ya kumchelewesha mtu jangwani. Mama wa Maskati akatusimulia. Katikati ya Aprili 2024 Omani ilipigwa na mafuriko makubwa. Mabonde makavu yalijaa maji kwa saa chache, na miongoni mwa waliokufa walikuwa watoto wa shule waliosombwa wakiwa garini. Maji yaliingia nyumbani kwake hadi magotini. Michoro yake ya miaka kumi, aliyokuwa ameiweka chini ya kitanda, iligeuka uji. Alilia siku mbili, siku ya tatu akaosha nyumba, siku ya nne akachora pindo upya. "Ulituma ujumbe," akaniambia, "ukauliza, vipi pindo? Nikajibu, mvua kidogo. Ningesema nini?"

"Juni. Kanga ya watoto. Siku 5." Kijana wa Nairobi akajikuna kichwa. Alikuwa miongoni mwa vijana waliotoka barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Juni 25, siku ambayo waandamanaji waliingia hadi ndani ya Bunge, alikuwa katikati ya mji. Alikimbia risasi, akaanguka katika mtaro, goti likaumia, na rafiki aliyekuwa naye hakuonekana siku tatu. Alipatikana akiwa hai. Basi ule mguu unaochechemea ulikuwa hapa katika daftari langu, umeandikwa: siku 5. Nami nakumbuka vizuri kwamba picha za Nairobi nilizitazama katika televisheni usiku ule, nikasikitika kama kila mtu, na kesho yake asubuhi nikamwuliza kama rangi ya pili iko tayari. Sikuviunganisha vitu hivyo viwili.

Niliruka mstari mmoja. Bi Majina akasema, "Umeruka Mei."

Nikausoma. "Mei. Hasidi hana sababu. Siku 0."

Alikaa kidogo akipanga vikombe katika sinia. Kisha akasema kwamba mama yake alilazwa wiki ile yote, na yeye ndiye aliyekuwa akilala naye hospitali. Alifariki usiku. Asubuhi wanawake walikuja kumwosha, na yeye alikuwa ndiye wa kushika kichwa. "Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza," akasema. "Simu ikalia pale dirishani. Ikalia tena. Nikaona jina lako, nikasema huyu ataniuliza tu. Nikabonyeza kile kidole ili inyamaze, nikaenda kuvaa."

Nikamwuliza, kwa nini hukutuambia? Si siku ile, hata baadaye?

"Ningeliandika wapi?" akasema. "Niliufungua ule ukurasa wetu baada ya matanga. Juu kulikuwa na pindo lipungue sentimita mbili. Chini kulikuwa na mteja anasubiri. Nikatazama pale katikati, nikaona si pahala pa kumweka mama yangu."

Maneno hayo sitayasahau. Hakuyasema kwa kinyongo. Aliyasema kama mtu anayeeleza kwa nini hakuliweka kabati upande ule wa chumba.

Kijana wa Nairobi alikuwa amejiinamia muda wote. Sasa akatoa simu yake, akaifungua, akaitafuta kwa muda, akaniletea. Kwa kuwa sikuweza kusoma, akampa mama wa Maskati asome kwa sauti. Ulikuwa ule ujumbe wangu mfupi wa Mei 13, usiku. Ulisema: "Jina ni HASIDI ANA SABABU. Fanya haraka."

H niliila mimi. Niliandika gizani, kwa macho yasiyoona, nikaituma bila kuirudia. Kijana akaiandika kama ilivyo. Akasema kwamba alipoona ninamgombeza Bi Majina alitaka kuutoa ujumbe ule, lakini akaona mimi ni mzee, akaogopa kunivunjia heshima, na akaogopa pia kazi yake. Akamgeukia Bi Majina, akapiga magoti. "Shikamoo, Bibi. Nilikuacha ubebe mzigo usio wako." Naye mama wa Maskati akasema kwamba hata yeye aliiona nakala ile, akahisi kuna kitu, akadhani ni fumbo jipya la vijana.

Basi tulikuwa watu wanne, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya kosa katika herufi moja. Na tungekuwa tumekaa katika chumba kimoja, kosa lile lisingefika mlangoni. Nasema hivi kwa sababu nakumbuka karakana niliyojifunzia kazi Dar es Salaam nikiwa kijana. Tulikuwa sita katika chumba chenye feni moja. Tuligombana, tuliibiana penseli, tulisengenyana. Lakini mtu akija macho mekundu alionekana. Kiti kikibaki kitupu hadi saa nne, mtoto alitumwa nyumbani kwake kuuliza. Hakuna aliyefanya hivyo kwa kuwa mwema sana. Macho tu ndiyo yaliyofanya. Tulipouacha ule ubao na vile viti na kuhamia katika simu, tulibeba kazi yote, hatukuacha hata penseli. Ila yale macho hatukuyabeba, na hatukujua kwamba yanafaa kubebwa.

Siwezi kusema kwamba kufanya kazi kwa mbali ni kubaya. Bila njia hii mama wa Maskati asingechora kanga ya Tanga, na Bi Majina, ambaye hakutaka kumwacha mama yake kizee hata siku moja, asingepata kipato cha kumtunza. Mbali si kosa. Kosa ni kwamba nyumba ina mlango, na mlango una hodi, na hodi hukulazimisha kusimama kidogo kabla ya kusema ulilojia. Simu haina kizingiti. Unamfikia mtu chumbani kwake, mahututini, makaburini, na neno lako la kwanza ni sentimita mbili.

Tulikaa Unguja siku tatu. Tulihesabu na mapato pia, na hayakuwa mabaya sana: michoro 31, na 22 kati yake ilichapwa. Yale makato ya Bi Majina tulimrudishia, naye akayapokea kwa shida, akatia sehemu katika kisomo cha mama yake. Halafu tukawekeana mambo mawili tu. La kwanza, atakayesema sawa aliandike jina la kanga upya kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi, ndipo atume. Kidole gumba tumekifuta. La pili, kila Jumatatu saa mbili, kabla ya kazi, tunapigiana simu na kuulizana habari za nyumbani, na yule anayejibu "nzuri" mara moja tu huulizwa tena.

Na zile kanga? Yule mfanyabiashara aliziuza kwa bei ya chini ili kuziondoa ghalani. Mwezi wa Januari nilimwona mama mmoja anayeuza mandazi Ngamiani kajifunga moja. Nikamwuliza kama amelisoma jina. Akacheka, akajigeuza ili nilione vizuri. "Nimelisoma sana," akasema. "Hasidi ana sababu, bwana. Sababu yenyewe si hii hapa?" Akajipiga kifuani na kuendelea kugeuza mandazi yake.

Jumatatu ya kwanza ya 2025 ilikuwa Januari 6. Saa mbili kamili niliwapigia wote. Wa kwanza kupokea alikuwa Bi Majina. Nilisema, "Hodi." Nikasikia kimya kidogo, na sauti ya jogoo wa jirani yake. Akasema, "Karibu, baba. Macho yanasemaje?" Nikamwambia kwamba nimepewa tarehe ya kupasuliwa, Februari, jicho la kushoto. Tukaongea juu ya hilo hadi wengine wawili walipoingia, na ikapita robo saa kabla mtu yeyote hajataja kanga.

Jioni nilifungua daftari jipya. Nikachora safu nne kama desturi, nikaongeza ya tano, pana kuliko zote. Kichwa chake niliandika: Habari. Katika mstari wa kwanza nilijiandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa ili niweze kuzisoma.